Muulizeni Aliyekaa Kwenye Kiti

Mama wenzangu, nayaandika haya kwa ajili yenu mnaotafuta daktari wa familia, hasa wenye mtoto wa kifua kama wangu. Elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe mwende mbele.

Binti yangu wa mwisho tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Anaongea akila, anaongea akioga, hata usingizini anaongea. Ana pumu. Wengine husikiliza mtoto anavyokohoa. Mimi husikiliza kama bado anaongea. Chiriku akinyamaza, najua hewa imeanza kumpungukia.

Daktari wetu wa zamani alikijua kifua hicho tangu mtoto akiwa mchanga. Mwaka huu akastaafu, akahamia kwa wanawe. Tulikuta mlango wa kliniki una kufuli na karatasi ya kutuaga. Chiriku akaisoma kwa sauti, kisha akaniuliza, "Sasa mama, kifua changu kimebaki na nani?" Dawa yake ya kuvuta mdomoni ilikuwa inaelekea kuisha, na duka la dawa haliitoi mpaka daktari aandike.

Baba yake anafanya kazi kiwanda cha saruji, na kadi yetu ya bima inatoka huko kiwandani. Nikawapigia bima. Sauti ya dada mmoja ikaniambia nichague daktari yeyote wa familia, mradi kliniki yake iwe inapokea kadi yao, akanitajia moja iliyo karibu na soko. Nikaenda.

Kijana wa mapokezi aliigeuzageuza kadi yangu kama anatafuta ilipopasuka.

"Hii hatupokei."

"Bima wenyewe ndio wamenituma hapa."

"Tulikuwa tunapokea, tukaacha. Labda tutaanza tena."

"Lini?"

"Hiyo waulize bima."

Nikawapigia palepale dirishani. Dada wa bima akasema kliniki hiyo inapokea. Nikamwambia niko mbele yao na wanasema hawapokei. Akasema kwenye kompyuta inaonyesha wanapokea. Mwishowe nikampa yule kijana simu wamalizane wenyewe. Wakaongea, wakacheka, wakaongea tena, akanirudishia.

"Wamesemaje?"

"Tulikuwa tunasalimiana tu," akasema. "Tulisoma pamoja."

"Na kadi?"

"Hatupokei."

Nilirudi nyumbani kichwa kinavuma. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio, alikuwa anaanika nguo.

"Shoga, mbona umenuna kama umenyimwa mahari?"

Nikamweleza. Akabana kibanio kwenye kamba, akasema, "Nenda pale juu ya duka la vioo. Kuna daktari mpole huyo, hata sindano yake haiumi. Na kadi yenu wanapokea. Shemeji yangu anakwenda pale."

"Lakini amesomea kweli?"

"Mwanamke wewe, atakaaje kwenye kiti kile hajasoma? Basi kama huamini, tazama cheti ukutani. Kina namba. Piga simu ofisi inayosajili madaktari, uwasomee. Mimi ndivyo nilivyomfanyia yule wa meno."

Ushauri ule ulikuwa mzuri, na mpaka leo sioni kosa lake. Ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya kwanza, chini yake mafundi wanakata vioo mpaka meno yanakufa ganzi. Binti wa mapokezi akapitisha kadi kwenye mashine, ikalia, akasema, "Imekubali." Nilitamani kumkumbatia. Kisha nikasimama chini ya fremu ukutani. Cheti kilikuwa na muhuri, namba, na jina refu la ukoo, na mbele yake herufi mbili tu za majina ya kwanza. Picha hakikuwa nayo. Nikapiga simu, nikasoma namba tarakimu moja moja, watu wa kwenye benchi wakinitazama kama nimekuja kukamata mtu. Ofisi wakanijibu: daktari huyo ni halali, leseni yake iko hai, hana shauri lolote.

Kadi imekubali, namba ni ya kweli. Mngetaka nini zaidi?

Tukaitwa ndani. Kwenye kiti alikaa mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, koti jeupe limenyooshwa pasi, kipimo cha kusikilizia kifua kinaning'inia shingoni.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Na huyu bibi mdogo ana shida gani?"

Bibi mdogo akamweleza yote: kifua, paka wa Redio, mwalimu wa hesabu anayenuka chaki. Mzee alicheka kwa raha. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akaandika dawa ya kikohozi ya maji. Nikamwambia tumezoea dawa ya kuvuta, na inaelekea kuisha.

"Hiyo tusubiri kidogo," akasema.

"Tusubiri nini, daktari?"

"Tuone kwanza."

Akatoka na karatasi yake, akarudi nayo ina sahihi. Nikaona labda ndivyo wafanyavyo siku hizi. Kabla sijafika chini simu ikalia, ujumbe wa bima: umehudumiwa na fulani. Jina ni lile lile la ukutani. Moyo wangu ukatua.

Safari ya pili ikawa vile vile. Dawa ya maji, tusubiri, tuone. Kikohozi hakikuondoka, bali kilihamia asubuhi. Nilitaka kumuuliza yule mzee mambo mengi, lakini mtu wa mvi akishakuitikia marahaba, akakuita mwanangu, utamwambia "hebu nitajie jina lako" kwa mdomo gani? Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, na pembeni yangu, kwenye benchi la korido, alikuja kukaa dada mmoja wa raba na gauni la maua, anatafuna karanga kwa haraka kama mtu aliyekosa chakula cha mchana. Nikamwambia, "Dada, nishikie nafasi niende msalani." Akasema sawa. Niliporudi alikuwa bado kaishika. Nikamshukuru, akanipa na karanga.

Safari ya tatu dawa ya kuvuta ilikuwa imekwisha kabisa. Ukikitikisa kichupa, kimya. Nilikwenda nimejiapiza kwamba leo hata akiniita mjukuu, sitoki bila dawa. Tulikaa kwenye benchi, Chiriku akimweleza binti wa mapokezi jinsi paka wa Redio alivyoingia kwenye ndoo.

"Basi akaruka, akadhani ndani hamna maji, kumbe..."

Akaishia hapo.

Nikamtazama. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, macho yananitafuta. Nilimbeba, nikausukuma mlango wa daktari bila kubisha.

"Daktari, mtoto."

Mzee akainuka, akamtazama Chiriku, uso ukambadilika. Akanipita mbio mpaka kwenye korido, akapaza sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Mwiteni daktari! Daktari amefika?"

Nikakitazama kile kiti kitupu. Nikamtazama yeye mlangoni.

"Si wewe?"

"Mimi ni wa maabara, mama."

Nawaambia ukweli, nilidhani mzee amerukwa na akili, na sasa wagonjwa wamekuwa wawili. Mara yule dada wa raba akatokea kwenye ngazi anahema, mkoba bado begani, akanyoosha mikono amchukue Chiriku. Nikamvuta mwanangu kifuani.

"Dada, tupishe, tunamtafuta daktari."

"Ndiye mimi."

"Wewe ni wa karanga."

"Mama, mwachie mtoto."

Nikavuta, akavuta. Binti wa mapokezi ndiye aliyenibandua vidole kimoja kimoja. Dada akamkalisha Chiriku kitandani, akafungua kabati kwa ufunguo wa shingoni mwake, akatoa dawa ya kuvuta, akaichomeka kwenye chupa ya plastiki yenye barakoa, akamfunika pua na mdomo. "Vuta, mpenzi. Taratibu. Tena. Tena." Mimi nilisimama nimeshika kiatu kimoja cha mtoto, sijui nilikivua saa ngapi. Chini mafundi waliendelea kukata vioo.

Nilisubiri sauti moja tu. Ikachelewa mpaka nikaanza kuahidi mambo ambayo siwezi kuyatimiza. Kisha chini ya barakoa nikasikia:

"Kumbe yalikuwa na sabuni."

Hapo nikakaa sakafuni.

Nilipoinuka nikasema, "Samahani, da... daktari. Jina lako nani?" Akanitajia. Nikaenda ukutani kulinganisha, nikarudi. Nikaomba kitambulisho, akanipa. Jina lile lile, na hapa picha ipo, ni yeye. Kwa hiyo cheti hakikusema uongo, ofisi haikusema uongo, hata bima hawakusema uongo. Na bado, safari zote zile, mwanangu alitibiwa na mtu wa kupima damu.

"Asubuhi mpaka mchana niko hospitali kubwa," daktari akasema, hanitazami. "Vikohozi vidogo namwachia yeye. Nikija naweka sahihi, au anakuja kunitafuta kwenye korido."

"Uliniona kwenye korido. Ulinishikia foleni."

"Sikujua kuwa ni mgonjwa wangu."

"Kwa bima ni wako."

Nikamgeukia mzee.

"Na wewe, baba yangu, mbona hukuniambia?"

"Watu wanaingia wananiita daktari," akasema kwa upole wake ule ule. "Zamani nilikuwa nakataa. Wakawa wananiambia, acha unyenyekevu, daktari. Na ile dawa ya kuvuta siwezi kuiandika. Ningemwomba yeye, ingebidi nimwambie kuwa nimepokea mtoto wa pumu."

Daktari akaniomba nirudi. Alisema atamwona Chiriku yeye mwenyewe, kila mara, akatuandikia dawa ya kutosha. Nilishika ile karatasi nisijue nimshukuru au nimkaripie. Mkono uliompa mwanangu pumzi ndio huo huo uliokuwa ukisaini bila kumwona. Mpaka nafika nyumbani nilikuwa nimeshamsamehe na kumchukia mara kadhaa.

Redio alisikiliza hadithi nzima bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Kumbe ndiyo maana sindano yake haiumi," akasema mwishowe. "Kutwa nzima kazi yake ni kutoboa watu."

Nikawapigia bima nibadilishe daktari.

"Sababu?" akauliza dada wa bima.

"Kumbe daktari siye."

"Leseni yake ina tatizo?"

"Haina."

"Walikataa kadi?"

"Hawakukataa."

"Sasa mama, tatizo ni lipi?"

Nikafikiri. "Jina lake linafanya kazi hata yeye asipokuwepo."

Nikasikia akibonyeza bonyeza. "Hiyo sababu hapa haipo."

"Weka panapoandikwa mengineyo."

Akaweka. Akanitajia kliniki nyingine, nyuma ya kituo cha mafuta. Safari hii nilifanya yote ya mwanzo, kadi, cheti, simu ya ofisi, na nikaongeza moja. Nilifungua mlango, nikamkuta mwanamume wa koti refu amekaa kwenye kiti kile kikubwa. Sikumwamkia kwanza. Adabu ilinizuia lakini nikaishinda.

"Samahani, kaka. Jina lako nani, na kazi yako hapa ni ipi?"

Akainua bisibisi. "Mimi fundi, mama. Nasubiri ngazi nitengeneze feni. Daktari yuko nyuma yako."

Nyuma yangu alisimama mama mnene, kikombe mkononi. Nikamuuliza yale yale, jina na kazi, na kama ni yeye atakayekuwa anamwona mtoto, asubuhi na jioni. Hakukasirika. Alivua kitambulisho shingoni, akanipa, akasema asipokuwepo tutaambiwa hayupo, na dharura tuende moja kwa moja hospitali kubwa.

Nilimpa Chiriku akisome, kwa kuwa macho yangu yalikuwa yamejaa. Akasoma jina, akasoma namba, akasoma tarehe, akasoma mpaka anwani ya kiwanda kilichochapisha ile plastiki. Kisha akamwambia daktari habari za paka. Akaanzia mwanzo, na hakunyamaza mpaka tulipotoka.