Globu Mpya za Himyar

Nilikuwa nimelala chali chini ya gari la Himyar, mkono wa kulia umezama hadi begani nyuma ya bampa, vidole vikiitafuta globu nisiyoiona. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule kubadilisha taa zile zile za ukungu.

"Hizi ni za Japani hasa," alisema kutoka juu yangu. "Zile za mwanzo zilikuwa dhaifu."

Hazikuwa dhaifu. Nilizipima mwenyewe kwa betri zikaniumiza macho. Lakini Himyar ni rafiki yangu tangu darasa la pili, na rafiki akikuambia taa hazimuliki, unachukua jeki.

Gari lile jekundu la milango miwili, lililokaa chini kama mtu aliyechutama, alilichora pembeni mwa daftari lake la jiografia miaka mingi kabla hajalipata. Lilipofika kutoka Japani alikuwa na miaka hamsini na moja. Mtaa wetu mzima wa Nguvumali ulimcheka kwamba ni gari la vijana, naye akacheka nao. Kila Ijumaa baada ya swala alilipeleka Pangani kumwona mama yake, na binti yake Huwaida, wa miaka tisa, akikaa kiti cha mbele. Masika ile mvua zilileta ukungu mzito barabarani. Ndipo alipoanza kulalamikia taa.

Nilimaliza alasiri. Nikaingia nyuma ya usukani na kuwasha. Maduara mawili ya njano yakatua kwenye ukuta wa karakana, makali kiasi cha kuonyesha kila ufa wa chokaa. Himyar alikuwa amesimama mbele ya bampa, kauelekea ukuta.

"Washa basi, Sabiri."

Zilikuwa zimewaka. Nilizima, kisha nikawasha tena, swichi ikalia, naye aliposikia mlio ule akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ehe. Hizo sasa ndizo."

Nilibaki nimeshika usukani. Nimefungua injini zilizoungua, nimefufua magari yaliyoingia maji ya bahari, na pale sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu Ramadhani. Daktari kasema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi."

"Sasa globu za nini, Himyar?"

"Nilidhani labda."

Akanyoosha mkono kutaka ufunguo. Kesho ilikuwa Ijumaa, na alikuwa amemwahidi mtoto. Barabara ile, alisema, anaijua kuliko chumba chake. Nikautia ufunguo mfukoni mwangu. Nikamwambia kesho nitaendesha mimi. Hakubishana, na kule kutobishana kwake kuliniumiza kuliko yote, maana katika miaka arobaini sikuwahi kumshinda kwa neno.

Miaka minne imepita, na safari ile bado naikumbuka. Himyar aliketi mbele pembeni yangu, mikono magotini, akinitajia mashamba ya katani na minazi kwa mpangilio wake, hata yale yaliyokwisha kung'olewa. Huwaida alikuwa nyuma, kidevu kakiweka juu ya kiti cha baba yake. Sikuwa nimemwambia kitu, na baba yake aliniomba nisimwambie.

Tulipopita Kigombe mvua ikaanza. Nikapunguza mwendo.

"Baiskeli kushoto," Huwaida akasema taratibu. Baadaye kidogo: "Mbuzi wawili mbele. Wanavuka."

"Nawaona, mwanangu," nikamwambia.

"Samahani, ami Sabiri. Nimezoea."

Himyar aligeuzia uso dirishani. Mpaka Pangani hakutaja tena shamba hata moja.