Kopo Chini ya Bomba

Mtaani kwetu maji hayana siku wala saa. Wakubwa wa maji wanajua wenyewe wanafungua lini, na hawamwambii mtu, utadhani ni siri ya jeshi. Kwa hiyo kila nyumba ina ujanja uleule: bomba la uani linaachwa wazi, na chini yake kopo tupu la rangi limepinduliwa kichwa chini. Maji yakija, kopo linalia kama ngoma. Hata uwe umelala fofofo utaruka. Unatoa kopo, unatega ndoo, ukimaliza unafunga bomba ili na wa nyumba za chini wapate. Hiyo ndiyo sheria yetu, na hatukuletewa na kiongozi yeyote.

Mimi nashona viatu mlangoni pangu. Ukuta mmoja tu unanitenganisha na fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Vifungo, kwa vile huongea huku vifungo viwili vitatu vimebanwa kwenye pembe ya mdomo. Anaishi peke yake, anashona sare za shule, na ana presha. Alikuwa shoga wa marehemu mke wangu. Tangu mke wangu aondoke, kazi yake ni kunisema mimi.

"Shemeji, hilo shati limekukosea nini?"

"Shemeji, umekula, au umekunywa chai ukajidanganya?"

Namjibu ovyo, halafu narudi ndani nikiwa na nafuu. Hilo simwambii.

Siku hiyo maji yalikuja asubuhi, jua limeshapanda. Makopo yakaanza kulia kutoka nyumba za juu, yakashuka, likafika langu, likafuata la Mama Vifungo. Nikatoa langu, nikatega ndoo. La kwake likaendelea kulia.

Nikasema labda yuko chooni. Nikajaza ndoo, nikajaza pipa, nikajaza hadi sufuria la wali. Upande wa pili wa ukuta kopo bado linapigwa. Mwanamke yule huwa wa kwanza kufunga, tena ndiye anayewatukana wanaochelewa. Nikatega sikio nisikie cherehani. Kimya.

Hofu ile nilikuwa naijua tangu siku ya mke wangu.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alituwekea geti la chuma mwanzo wa njia. Eti usalama. Pembeni akaacha kimlango cha watu, chembamba, mtu mwenye mwili anapita ubavu. Magari yote yanabaki nje isipokuwa la kwake. Ufunguo ni mmoja, naye anatembea nao mfukoni. Mke wangu alipozidiwa, gari la wagonjwa lilifika mapema tu, likasimama nje ya geti, taa zinazunguka. Mwenyekiti yuko mkutanoni, simu kazima. Wale wahudumu wakajaribu machela kwenye kimlango, haikupita. Tukaambiwa tusubiri ufunguo. Tukasubiri. Ufunguo ulipokuja haukuwa na kazi tena. Mwenyekiti akaja msibani, akakaa kiti cha mbele, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hajawahi kununua kufuli.

Basi nimesimama mlangoni na ndoo mkononi, naogopa kwenda mlango wa pili. Mke wa kinyozi akatokea njiani, ndoo tupu kiunoni. Nyumba yao iko chini yetu.

"Nani huyo anaogesha barabara? Sisi huku bomba linakohoa tu!"

"Ni kwa Mama Vifungo."

"Basi mwambie afunge! Au leo anashona maji?"

"Hafungi," nikasema. Sauti ilinitoka vibaya. "Na cherehani haisikiki."

Akanitazama usoni. Akaweka ndoo chini, utani ukaishia hapo.

Nikaenda kubisha. "Hodi! Shemeji! Mama Vifungo!" Kilichonijibu ni kopo. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani, na maji yameanza kutokea chini yake, yamebeba vipande vya uzi. Mkono wangu ukawa unabisha polepole, kama wa mtu asiyetaka kufunguliwa.

"Baba, mlango haubembelezwi huo!" Mke wa kinyozi akanisukuma pembeni na kupaza sauti: "Mume wangu! Acha kichwa cha watu, njoo!"

Kinyozi akaja mbio, na nyuma yake mteja, shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Tukapiga bega pamoja. Komeo likang'oka.

Alikuwa chini, kati ya cherehani na mlango wa uani, mkono mmoja umeelekea bombani. Maji yalishafika kwenye nywele. Gauni la shule lilikuwa bado chini ya sindano. Mdomo umepinda upande mmoja, lakini jicho linanitazama mimi. Anapumua.

"Nipige simu gari la wagonjwa?" kinyozi akauliza.

"Lije lisimame wapi?"

Mkewe alikuwa ameshampigia Mwenyekiti, na simu ilikuwa na sauti kubwa, sote tukasikia: "Nipo mjini, nakuja. Msimguse mtu. Kuna taratibu. Subirini."

Neno hilo likaniingia kama msumari wa kiatu uliochomoza ndani.

Mezani kwake kulikuwa na jora la kitambaa cha kaki, kizito, bado hakijakatwa. Nikalivuta lote. Nikasema atanisamehe, na asiponisamehe basi atanitukana, na nitashukuru. Tukamlaza, kila mtu akashika pembe yake: mimi, kinyozi, mkewe, na yule wa nusu kichwa. Tukatoka tunakimbia na kujikwaa. Watu wakatoka milangoni na ndoo zao.

Kwenye kimlango tukaingia mmoja mmoja. Kitambaa kikajikunja, kikapita naye ndani, kama barua inavyopita chini ya mlango. Tukawa nje.

Hapo ndipo niliposimama. Siku ya mke wangu mashuka yalikuwepo. Watu walikuwepo, wengi kuliko leo. Hakuna aliyewaza kitambaa, kwa sababu tuliambiwa tusubiri, na sisi wa mtaa huu tukiambiwa tusubiri na mtu mwenye ufunguo, tunasubiri. Wametufundisha hivyo na tumefaulu vizuri.

"Baba, usisimame!" mke wa kinyozi akafoka. Nikatembea. Tukapata teksi barabarani.

Hospitali nilikaa kwenye benchi na kitambaa cha kaki kilicholowa magotini. Kila mlango ukifunguliwa naangalia sakafu, nisione uso wa anayekuja. Mwisho akaja daktari wa kike, akasema ni kiharusi, atabaki wodini, ila mmewahi. Nikamwomba arudie. "Mmewahi, mzee." Nikaenda kusimama nyuma ya nguzo mpaka uso wangu ukatulia.

Waliponiruhusu kuingia, Mama Vifungo alinikazia lile jicho zima. Maneno yakamtoka yamelala upande.

"Bo... bomba. Umefunga?"

Sikuwa nimefunga.

Niliporudi nikakuta mke wa kinyozi ameshalifunga, anakamua matambara mlangoni. Nyumba zote za chini hazikupata hata tone, na hakuna aliyenung'unika. Aliyenung'unika ni Mwenyekiti. Alituitia mkutano tuzungumzie maji yaliyopotea na mlango uliovunjwa bila kibali. La geti, kimya. Kinyozi akanyoosha mkono aulize, akaambiwa hilo litajadiliwa wakati wake. Tusubiri.

Asubuhi yake Mwenyekiti alifungua geti, akatoa gari, akashuka kurudi kulifunga. Akanikuta katikati. Nilikuwa nimehamisha kiti changu, meza ya kazi, gunia la viatu na chungu cha gundi, nimeviweka palepale mabawa mawili ya geti yanapokutana.

"Mzee, vipi tena? Hapa si mahali pa kazi."

"Wateja wananiona vizuri hapa."

"Toa vitu nifunge."

"Subiri," nikamwambia, nikachukua soli nikaanza kuipaka gundi. Gundi ile haikauki haraka.

Aliondoka na honi ndefu. Jioni akarudi, nami nipo. Watu wameanza kukusanyika, na yule mteja amemaliziwa kichwa chake. Mwenyekiti akaacha gari nje, akanikwepa, akapita kwenye kimlango ubavu, tumbo limekwama kidogo, akaenda kwake kwa miguu bila salamu.

Najua ataleta askari, kama si kesho basi keshokutwa. Nikiwa hapa getini siwezi kusikia kopo, langu wala la Mama Vifungo, na mabomba yote mawili nimeyaacha wazi kama desturi. Kila dakika nageuza shingo kutazama kama kuna maji yanayotoka chini ya mlango. Halafu nageuza upande wa barabara. Daktari alisema wakimruhusu Mama Vifungo atarudi na gari hadi mlangoni, kwa sababu mguu mmoja bado mzito.