Maziwa ya Safari

Bibi Bolgan alianza kuniwekea maziwa siku ileile aliposikia kwamba huenda nikarudi nyumbani. Kwao Wamongoli mtu akiondoka, mama mwenye hema humwaga maziwa nyuma ya farasi wake ili njia iwe nyeupe. Baridi ilishaingia na kondoo hawakamuliki tena, lakini kiriba kidogo alikificha nyuma ya kitanda, na ole wake ambaye angekigusa.

"Mtu wa mkate," aliniambia. Ndivyo alivyoniita miaka yote mitano, kwa sababu nilipoletwa mateka kutoka Hungaria nilikuwa naomba mkate usingizini. "Ukifika kwa huyo Ilka wako, umwambie nilikulisha nyama mpaka ukaota mashavu."

"Nitamwambia, bibi."

"Na ukimkuta kaolewa?"

"Nitakula mkate, nirudi."

Akacheka, kisha akajifuta macho, akasingizia moshi wa samadi.

Siku mji wetu wa Vác unaanguka, Ilka alikuwa kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Kama yu hai sikujua. Nilichojua ni kwamba kila asubuhi niliamka nikimtaka, na jambo hilo halikupungua hata siku moja, wanaosema muda huponya wana maneno mengi tu.

Kilatini nilisoma kwa watawa kabla Ilka hajanitoa huko nikamwoa. Kimongoli nilifundishwa kwa fimbo. Basi watawa wawili walipofika kambini kwa Kaan, mfalme wa Wamongoli, na barua ya Papa, mkalimani nikawa mimi. Papa aliuliza kwa nini Wahungaria waliuawa. Jibu tuliliandika neno kwa neno, tukasomeshwa mara mbili tusije tukalainisha kitu: Mungu ndiye aliyeamuru, na Papa aje mwenyewe kuinama. Niliyatamka hayo, mimi niliyewazika ndugu zangu wawili. Nilijikaza kwa kuwa nilishaonjeshwa tamaa ya safari.

Aliyenionjesha ni Bwana Yonan, mwandishi mkuu. "Kaan anataka kutuma wajumbe wake waandamane na hawa," aliniambia. "Wewe utakuwa ulimi wao. Ila wageni waombe wenyewe. Sisi hatujialiki kwa watu."

Siku ya kuipiga muhuri barua ya jibu, hemani kwa Yonan, nikamweleza hayo Padri Alberiko, mkubwa wa wale watawa. Mwishoni nikaongeza langu: "Ombeni, Padri, nakusihi. Nina mke."

Akanong'onezana na mwenzake. Aliporudi hakuniangalia usoni.

"Hatuombi, mwanangu. Wajumbe hao wakifika kwetu wataona wafalme wetu wanavyogombana. Watatazama ngome na vivuko. Halafu watarudi na jeshi, na watapitia wapi? Kwenu."

"Kwetu walishapita, Padri."

"Ndiyo maana nakwambia wewe."

"Anasemaje?" Yonan akauliza.

Hemani mle hakuna mwingine aliyejua lugha zote mbili. Neno moja tu, wanaomba, lingenipandisha farasi, na Alberiko asingejua mpaka matandiko yafungwe. Nilimwona Ilka akikanda unga, mikono myeupe hadi viwikoni. Kisha nikawaona wajumbe nyuma yangu, watu wenye adabu zao, wakiuliza kivuko hiki kinaitwaje, ukuta ule umebomoka lini. Na anayewajibu ni mimi.

"Hawaombi," nikasema.

Yonan akanikazia macho. "Una hakika umesikia vizuri?"

"Nimesikia vizuri, bwana."

Nilimchukia Alberiko, nikamchukia zaidi kwa kuwa alisema kweli.

Siku ya tatu waliondoka. Alberiko aliinama juu ya farasi akaahidi kumuulizia Ilka akipita upande ule. "Nikimpata nimwambie nini?"

"Mwambie asiningoje."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Hakufika mbali nikamkimbilia, nikishikilia kofia. "Padri, hilo usimwambie!"

"Nimwambie nini, basi?"

Nilisimama nikihema. Mimi niliyemtafsiria Papa maneno ya Kaan bila kukosea, sikupata hata neno. Farasi hawakungoja.

Bibi Bolgan alinikuta palepale, kiriba mkononi. Alikuwa ameyayeyusha maziwa karibu na moto.

"Haya yalikuwa yako," alisema. "Wale siwajui."

"Wamwagie hivyohivyo, bibi. Wafike salama."

Akanitia kata mkononi. "Mwaga mwenyewe. Mimi nilikuwa naomba usiende."

Nikamwaga yote, kata kwa kata, kuelekea magharibi. Kisha nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu, na safari hii Bibi Bolgan hakusingizia moshi.