Chupa Iliyopigwa na Jua

Salomé alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake ubaoni vitu vinavyoijenga seli ya kiumbe hai: sukari na wanga, mafuta, protini, na zile asidi za kiini zinazobeba urithi. Alipofika kwenye protini akaweka chaki chini ili aeleze vizuri. Protini, alisema, ni kama uzi mrefu uliokunjwa kwa namna yake, na kazi yake yote imo katika mkunjo huo. Joto likizidi, mkunjo unafumuka.

"Yai likishachemka, nani atalirudisha kuwa bichi?"

Darasa likacheka. Yeye tabasamu likamfia mdomoni. Insulini nayo ni protini.

Binti yake Béthanie alikuwa akiishi kwa sindano za insulini tangu alipougua kisukari. Chupa mpya ilikuwa imetoka Lubumbashi kwa lori, mkononi mwa Djo, binamu ya Salomé aliye dereva. Tangu waifungue, mtoto alikuwa hashibi maji, na asubuhi hiyo alikuwa ametapika. Salomé alikuwa amesema moyoni ni malaria, akamwacha na baba yake, akaja kufundisha.

Aliomba ruhusa, na kabla hajavuka lango la shule alikuwa ameshampigia Djo.

"Djo, ile dawa uliiweka wapi mu njia?"

"Pale mbele, yaya," akajibu, akimwita dada mkubwa kama alivyozoea, "chini ya kioo. Niliogopa kuisahau nyuma mu mizigo."

"Na barafu?"

"Iliyeyuka mapema. Nikamwanga mayi, karato ya dawa isilowane. Lori ilikwama mu matope, tukabakia pale na jua yote." Kisha akauliza: "Yaya, kuko shida?"

Salomé alikata simu akapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Nyumbani alimkuta mumewe Abner ameketi kando ya kitanda, sindano mkononi, imejaa kuliko siku zote. Béthanie alikuwa amelala chali, midomo imekauka, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Abner, ngoja!"

"Ningoje nini, Mama Béthanie? Sukari imepita kipimo. Mashine haiandike hata namba. Acha tuongeze."

"Ile dawa ilipigwa na jua. Djo ameniambia sasa hivi."

Abner aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. "Angalia. Iko safi kama mayi."

"Hata ikikufa inaweza kubakia safi."

"Basi kama ilikufa, kuongeza kutamufanya nini?"

"Na kama haikukufa yote?" Sauti yake ilipasuka. "Ukimudunga hii yote, sukari itaanguka, atatuzimia hapa. Sijue iko na nguvu gani, Abner. Weye pia haujue."

Abner aliitazama sindano, kisha akamtazama mtoto. Aliiweka sindano juu ya meza polepole, akainama akambeba Béthanie mgongoni.

Kwenye kituo cha afya muuguzi Mwila hakuuliza mengi. Aliinamisha uso karibu na kinywa cha mtoto, akanusa pumzi yenye harufu ya matunda yaliyochacha, akaita watu wa kumsaidia. Damu ilikuwa imejaa sukari, na bado seli za mwili zilikuwa zinakufa njaa, kwa sababu hapakuwa na insulini ya kuzifungulia mlango sukari iingie. Salomé alilijua jambo hilo kama anavyolijua jina lake. Siku hiyo ujuzi huo ulimchoma tu.

"Serumu tunayo," Mwila alisema akitafuta mshipa wa kuingizia dripu. "Insulini ilituishia. Lakini Mama Kapinga wa soko, naye mgonjwa wa sukari, anayo yake. Baba, kimbia."

Abner alitoka mbio. Salomé alibaki ameshika mguu wa mwanawe, akihesabu pumzi na kupoteza hesabu.

Kapinga, muuza unga wa mihogo, alikuja mwenyewe, amekumbatia chungu kidogo kilichofungwa kitambaa chenye maji kinachokipoza. Humo ndani mlikuwa na chupa yake, imebaki nusu. Alisimama mlangoni, hakuikabidhi.

"Madame, sikufiche," alisema. "Niko na woga. Hii ikiisha mbele ya ingine kufika, minyi njo nitalala pale." Akajigusa kifua, kisha akaonyesha kitanda cha Béthanie.

Salomé angemwambiaje mwenzake atoe uhai wake amgawie Béthanie?

Kapinga alimtazama Béthanie kwa muda, kifua kile kikipanda na kushuka. Akaguna, akamnyooshea Mwila chungu.

"Asubuhi nilijidunga, sukari yangu ikashuka. Hii iko nzima. Chukua, lakini na sindano mupya."

Mwila alidunga kidogo, akapima, akangoja, akadunga tena. Kwa muda mrefu mashine ilikataa kuandika namba. Kisha ikaandika. Ilikuwa namba kubwa ya kutisha, ila Mwila alishusha pumzi, na iliyofuata ilikuwa ndogo kidogo. Jua lilipoanza kuinama Béthanie alifumbua macho, akauliza kwa nini watu wote wanamwangalia. Abner alitoka nje, na Salomé akamsikia akilia ukutani.

"Wafwako, mama," Salomé alimshukuru Kapinga kwa Kiluba, akimshika mikono miwili.

"Usinishukuru bado. Sasa tuko babili juu ya chupa moja."

Neno hilo halikumwacha Salomé apumzike. Kulipokucha, Mwila alipomhakikishia kwamba mtoto ataweza kubaki na baba yake, alikwenda stendi na sanduku la barafu. Safari hii dawa ataifuata Lubumbashi mwenyewe, chupa mbili, yao na ya Kapinga. Dereva wa gari la abiria alimwambia aweke sanduku juu pamoja na mizigo.

"Apana," Salomé alisema, akaketi nalo mapajani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na hakuna aliyejua kama barabara inapitika.