Mwaka Usiofungwa

Fundi hakuwa na gari, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na cheti cha shule ya mchana, hakuwa na mke kwa mwaka wa saba sasa, na hakuwa na ripoti ya hesabu ya kampuni ndogo ya sabuni ambayo alimiliki hisa zake mia nne. Meno alikwisha kuyasamehe. Ripoti ndiyo iliyomkosesha raha: akikaa anasimama, akisimama anatembea.

Hisa hizo alizipata kwa jasho. Alipochomelea lango la kiwanda, mkurugenzi alimlipa nusu taslimu na nusu hisa. Tangu hapo haikutoka ripoti hata moja, na hisa zisizo na ripoti hazina mnunuzi. Nani anunue mbuzi ndani ya gunia?

Kila Jumatatu, saa nne asubuhi, alikwenda kuulizia. Lango lilikuwa limeshika kutu upande wa nje. Upande wa ndani rangi ilikuwa bado inanata vidoleni. Mwaka wa kampuni hufungwa kwa ripoti. Ripoti haikupelekwa kwa Msajili wa Kampuni, basi mwaka haukufungwa, na ndani ya jengo lile ilikuwa ingali tarehe thelathini na moja Desemba. Wafanyakazi walikwisha kuzoea. Aliyepata taabu ni karani wa mapokezi. Likizo yake ya uzazi ilipangwa kuanza Januari, na mtoto alikuwa akiisubiri tumboni.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kuuliza ripoti au kupiga simu?"

"Marahaba. Vyote."

"Vyote gani? Mwaka wa tatu huu hujaandika barua." Karani alijisugua kiuno. "Na mwenzako miguu imekuwa magogo."

Ilikuwa kweli. Simu ya mapokezi ilikuwa bado inapiga namba za mwaka ule usiofungwa. Miaka mitatu nyuma aliomba kuitumia, akapiga nyumbani kwake, kwenye simu iliyokatwa zamani, na marehemu mkewe akapokea. Tangu siku hiyo hakudai tena ripoti kwa maandishi.

Mkurugenzi alitoka na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Alikuwa bado na miaka arobaini na minne.

"Mzee wangu! Ripoti iko mbioni. Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Fundi alisema, akimwonyesha karani kwa kidevu.

Mkurugenzi alicheka sana, akarudi ndani, akafunga mlango.

Fundi alitembea mara tatu kutoka dirishani hadi kwenye kalenda. Kisha akaomba karatasi.

"Usimwandikie bosi," karani alimwambia. "Barua zako nne ziko kwenye trei. Zote zina muhuri wa leo. Anasema hajachelewa kujibu."

Basi akamwandikia Msajili, kwa mwandiko wa shule ya jioni, herufi zimesimama wima kama nondo. Alipomaliza akapiga simu nyumbani, kwa sababu barua zake zote mkewe ndiye aliyezisahihisha.

"Umekula?" mkewe aliuliza, akakohoa.

"Nimekula. Hospitali umekwenda?"

"Nitakwenda mwaka mpya ukianza. Mara ngapi nikwambie?"

Alikwenda kweli, Januari. Februari walimzika.

"Nina barua hapa," Fundi alisema, akaisoma. 'Tafadhali' zilikuwa nne.

"Toa tatu. Unadai haki yako au unaposa?"

Akazikata kwa kalamu. "Wakiifunga hesabu, mwaka utakwisha."

"Si ndiyo kazi ya mwaka?"

"Nitakosa pa kupiga simu."

"Miaka mitatu ya porojo, mume wangu. Wenzako hawapewi hata dakika. Huyo binti wa mapokezi umemtazama? Mimi nimezaa wanne, hakuna aliyeningojesha hivyo. Malizia 'ndani ya siku ishirini na moja', uweke sahihi. Mimi naanua nguo, mvua inakuja."

Simu ikakatika. Karani alimpa bahasha bila kuombwa.

Nje ya lango jua lilikuwa kali. Fundi alifika posta kwa miguu, akaunakili waraka wake upya bila makosa, akailamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka gundi ikashika. Mpokea barua alisoma anwani.

"Kwa Msajili? Juu ya ile kampuni ya sabuni?"

"Hiyo hiyo."

"Wenye hisa wameshatuma nyingi. Kule hawajibu, mzee."

"Tuma."

Mpokea barua alibandika stempu, akagonga muhuri wa tarehe ya siku ile, akaivuta bahasha kuelekea kwake. Haikusogea. Fundi alikuwa ameishika upande wa pili.

"Achia, mzee."

Akaachia.