Mapigo Sitini na Sita

"Usiongee," wifi yake alisema, vidole viwili vikiwa juu ya kifundo cha mkono wake, macho kwenye saa ya ukutani. "Nikikosea hesabu utasema nina wivu."

Kiberiti akalegeza mkono. Ndivyo walivyomwita kwenye ukumbi wa mazoezi, kwa sababu alikuwa mfupi na aliwaka upesi. Alikuwa mpiganaji wa mchezo ule unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, na kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, wifi yake alimhesabia mapigo ya moyo dakika nzima. Kocha ndiye aliyetaka hivyo. Mpiganaji hajihesabii mwenyewe, alisema, kama vile muuzaji hapimi ng'ombe wake mwenyewe.

"Sitini na nne." Wifi akaandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. "Jana sitini na tatu. Kesho ikiwa hivi, nampigia Kocha."

Mwezi uliopita yalikuwa hamsini na mawili. Moyo wa mpiganaji aliyeiva hupiga polepole akiwa amelala. Ukianza kupanda, mwili umechoka. Ukizidi kwa mapigo kumi siku tatu mfululizo, Kocha anafuta jina. Na pambano lilikuwa limebakiza siku tisa.

Katika pambano lililopita, raundi ya pili, pumzi ilimkatika. Hakuangushwa na ngumi. Alikuwa chini, mwenzake amemlalia kifuani, mdomo wake wazi, hewa iko kila mahali ila ndani yake. Watu walipiga kelele, yeye akasikia koo lake tu. Akapiga sakafu mara tatu kwa kiganja, yaani nimeshindwa. Hakuna aliyemcheka. Kocha alimfunika taulo, na yule yule aliyemshinda akamshikia chupa ya maji mpaka akamaliza kunywa. Lakini tangu siku ile Kiberiti aliogopa siku atakayolisikia koo lile tena.

Siku za mazoezi hazikumtisha. Zilizomtisha ni siku za kupumzika. Akikaa tu, alihisi pumzi aliyoitafuta jana inavuja kama maji kwenye ndoo mbovu. Kwa hiyo kila wifi alipokwenda kwenye kibanda chake cha kushonea, Kiberiti alijaza chupa sita za maji kwenye mkoba wa mgongoni, akapanda na kushuka ngazi za jengo mara ishirini. Mapigo yalipoanza kupanda hakufikiri kwamba ni ngazi. Alifikiri moyo unadhoofika, akaongeza mara tano.

Asubuhi ya tatu wifi alihesabu, akahesabu upya.

"Sitini na sita."

"Wifi yangu, andika hamsini na tano."

"Mimi nashona suruali za watu. Nikimwandikia mtu kiuno kisicho chake, nani atabaki uchi?"

"Nina pambano hilo moja tu."

"Na mimi nina wifi huyo mmoja tu. Kaka yangu akirudi na lori lake akute kitanda kitupu, nitamwambia nini? Kwamba nilimwandikia vizuri?" Akachukua mkasi wake. "Mchana nitapita, tutampigia Kocha pamoja. Kunywa uji usipoe. Nimekuwekea sukari, usimwambie Kocha hilo."

Kiberiti alikunywa uji. Akajilaza, akageukia upande wa kushoto, na moyo ukaanza kugonga ndani ya mto. Akageukia kulia. Bado aliusikia. Saa nne kasoro robo alikuwa amevaa viatu.

Safari ya kumi na moja, kwenye ghorofa ya tatu, moyo uliruka pigo, kisha ukapiga mawili kwa pupa. Akakaa. Siku zote, akikaa dakika moja, mwendo hushuka. Alingoja dakika moja. Akangoja tano. Zikafika kumi, amekaa kimya kwenye saruji ya baridi, na moyo bado unakimbia peke yake, kana kwamba umemwacha ngazini na kuendelea kupanda. Vidole vilikuwa vya barafu. Simu ilikuwa ndani. Mumewe yuko safari ya siku tatu kutoka nyumbani. Alitaka kuita mtu, akaogopa kutumia ile pumzi.

Kisha akasikia kandambili chini. Umeme ulikuwa umekatika kibandani, na wifi alikuwa anarudi mapema.

Wifi hakugomba. Alimvua mkoba, akaupima kwa mkono. "Ulikuwa unahama?" aliuliza, lakini sauti haikuwa na utani ndani yake. Akakaa karibu, akamshika kifundo, macho kwenye saa ya simu yake.

"Ngapi?"

"Mia moja na arobaini."

"Hesabu tena."

"Moyo haubembelezwi, wifi. Umeanza lini hizi ngazi?"

"Wiki tatu."

Wifi akaanza kuhesabu upya kwa sauti, akapotea kwenye saba, akaanza tena. Kiberiti alimsikia, akajua kwamba wanaogopa wawili.

"Mpigie Kocha," akasema. "Mwambie sitini na sita. Mwambie na ngazi."

Kocha alikuja na gari la kuazima, akawapeleka hospitali, na saa mbili nzima hakusema neno kuhusu pambano. Daktari alibandika nyaya kifuani, akatazama karatasi, akasema moyo haujaharibika, umechoka kupita kiasi. Asikimbie wiki tatu. Baada ya hapo arudi kupimwa.

Jina likafutwa hapo hapo kwenye benchi, kwa simu moja fupi. Kocha akaweka simu mfukoni.

"Nilikufundisha kukimbia," alisema. "Kupumzika sikukufundisha. Hilo kosa ni langu."

"Kocha, na pumzi ikinikatika tena?"

"Itakukatika. Mimi ilinikatika mara nne mbele ya watu, mara moja mama mkwe wangu akiwa mstari wa mbele. Ulidhani wenzako wana mapafu ya ziada?"

Nyumbani, wifi alimvua viatu kama mtoto, akamlaza, akavuta kiti, akaendelea kushona pindo kwa mkono. Nje mtu alipanda ngazi, na miguu ya Kiberiti ikashtuka chini ya shuka. Hofu ilikuja kama ilivyokuja kila siku, ikamkalia kifuani.

"Naogopa," akasema. Hakuwahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu.

"Najua. Sogea huko."

Wifi akalala kando yake, sindano ameichomeka kwenye kola yake. Mchana ule wote Kiberiti hakupata usingizi, ila hakuinuka.