Chupa ya Maji Safi

Chupa ya maji safi ndiyo iliyomuumbua Vaileth. Kila alipokwenda Nduruma kuchota sampuli za bwawa la majitaka na za mfereji wa mashamba, kutafuta mabaki ya dawa, alibeba chupa moja ya maji yasiyo na kitu, akaifungua na kuifunga pale pale mferejini, ili ajue kama yeye mwenyewe hachafui sampuli. Chupa hizo alizipima mwisho, kutimiza wajibu tu. Mashine ya maabara ikaonyesha diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa kiasi kile kile cha mferejini.

Hakuhitaji kupiga ramli. Kila alfajiri, kabla ya kutoka nyumbani Kwa Mrombo, alimchua mama yake magoti kwa dawa hiyo hiyo ya kupaka, akanawa harakaharaka, kisha akavaa glavu kwa vidole vile vile. Msomi mzima!

"Futa huo mstari wa maji safi, dada," alisema Gadiel, mwenzake wa maabara. "Nani atajua?"

"Mzee Loishiye nimeshamwambia uongo. Huo nao utaufuta?"

Wiki mbili nyuma, kwa kiherehere cha kugundua jambo, alimwambia mzee huyo, mkulima anayemwagilia kwa mfereji ule, kwamba dawa za watu wa mjini zimefika kwenye mchicha wake.

Akamwaga chupa zote ishirini na nne. Magoti ya mama akamwachia jirani yao, Ndeshi. Mama alilalamika kwamba anakandwa kama unga wa chapati, lakini akavumilia. Vaileth akachota upya siku sita mfululizo. Safari hii maji safi yalikuwa safi. Kwenye bwawa la majitaka dawa ilikuwepo. Kwenye mfereji wa mzee, mashine haikuiona.

Hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchota tena?"

"Nimekuja kukwambia nilikosea. Dawa ile ilitoka mikononi mwangu. Kwenye mfereji wako sijaiona."

Mzee akageuka kutazama shamba. Matuta yalikuwa matupu. "Nimeng'oa Jumamosi," alisema. "Ningewauziaje watu kitu kama hicho?"

Aibu ilimchoma Vaileth mpaka machozi yakamlenga. Angeweza kuomba radhi mara ya pili na kurudi mjini, lakini mchicha usingeota kwa radhi. Akavua viatu, akachukua jembe.

"Mbegu unazo, mzee?"

"Zipo. Ila wewe ni mtu wa maabara."

"Nianzie tuta lipi?"

Mzee akamwonyesha la mwisho kabisa, lililokuwa gumu kuliko yote.